Mama anashika ukuta, baba anaendesha baiskeli: ni umri, ni jinsia au ni ugonjwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Muheza. Mama yangu ana miaka 67 na baba ana 72. Ndani ya mwaka huu mama ameanguka mara mbili, na mara ya pili alivunjika kifundo cha mkono, akafungwa hogo. Limeshatolewa, lakini tangu hapo hatembei ndani bila kushika ukuta, na usiku haendi msalani peke yake. Baba amemzidi miaka mitano na bado anaendesha baiskeli kwenda shambani. Shangazi anasema wanawake ndivyo walivyo, ukizaa watoto saba miguu lazima ilegee. Kaka anasema tumnunulie fimbo, yaishe. Mimi siridhiki. Hii ni umri, ni jinsia au kuna ugonjwa? Na anaweza kurudi kama zamani?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Nianze na jibu fupi, maana kaka yako huenda akaishia aya hii.

Umri ndio wenye mkono mkubwa zaidi. Jinsia nayo imo, ila haiingii kwa mlango anaousema shangazi. Kuanguka mara mbili ndani ya mwaka mmoja si uzee wa kawaida, ni sababu tosha ya kumpeleka mtu kupimwa. Fimbo haina ubaya, ila fimbo peke yake haimrudishii mtu miguu. Anaweza kurudi vizuri sana, pengine si yote, lakini sehemu kubwa kuliko mnavyodhani hapo nyumbani. Na baba usimtoe kwenye hesabu kwa sababu ya baiskeli.

Sasa tuende polepole.

Mtu akisimama wima anajiona ametulia, kumbe mwili unayumba kidogo muda wote na kujirekebisha. Habari za kujirekebisha zinatoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, lenye mirija midogo ya majimaji inayohisi kichwa kinapogeuka, na neva za nyayo na viungo, zinazoujulisha ubongo uzito umelalia upande gani. Ubongo unazipokea zote, unatoa amri, na misuli ya vifundo vya miguu, mapaja na nyonga inavuta. Hayo yote yanapita kabla wewe mwenyewe hujajua kwamba umeteleza.

Mtoto hazaliwi akiwa na mfumo huo tayari. Mwendo wake unakaribia wa mtu mzima akifika miaka 7 hivi, na ufundi wa kuunganisha habari za macho na za sikio unaendelea kukomaa hadi ujanani. Katika umri wa shule ya msingi wasichana mara nyingi ndio wanaowazidi wavulana kusimama kwa mguu mmoja bila kutikisika. Baada ya balehe mambo yanageuka: wavulana wanaongeza misuli kwa kasi, na wasichana wanaocheza michezo ya kuruka na kukata kona wanaumia ligamenti ya mbele ya goti (utepe unaoshikanisha mifupa ya goti) mara 2 hadi 8 zaidi ya wavulana wa mchezo huohuo. Kwa hiyo tofauti ya jinsia ipo tangu mapema, ila haiko upande mmoja siku zote.

Kisha umri unaanza kula. Kuanzia miaka 30 hivi mtu anapoteza asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake kwa kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi inaongezeka. Nguvu zinapungua haraka kuliko misuli yenyewe, na kinachotangulia kuondoka ni ule wepesi wa kukurupuka. Nyuzi za misuli zinazofanya kazi ya ghafla, zile zinazokuwezesha kutupa mguu mbele unapojikwaa, ndizo zinazokonda kwanza. Ndiyo maana mzee anaweza kutembea kilomita mbili hadi sokoni bila tatizo, halafu akajikwaa kwenye kizingiti cha mlango wake mwenyewe akaenda chini mzima mzima. Pumzi anayo. Kilichokosekana ni theluthi moja ya sekunde.

Kwenye kusimama kwa mguu mmoja umri unajionyesha wazi kuliko mahali pengine popote. Watafiti wa Brazil walitoa taarifa mwaka 2022 ya watu 1,702 wa miaka 51 hadi 75 waliotakiwa kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10 tu. Kati ya wenye miaka 51 hadi 55, walioshindwa walikuwa kama asilimia 5. Kati ya wenye 71 hadi 75, zaidi ya nusu walishindwa. Utafiti mdogo wa Mayo Clinic ya Marekani, wa mwaka 2024, uliwapima watu 40 waliopita miaka 50 na ukakuta kwamba kusimama kwa mguu mmoja ndicho kipimo kilichoporomoka kuliko vyote, huku mwendo wao wa kawaida ukiwa karibu haujabadilika. Hapo ndipo familia nyingi zinapopigwa chenga: mnamwona mzee anatembea vizuri uani, mnasema yuko imara, kumbe akiba imeshaisha na hakuna aliyeiangalia.

Je, wanawake wanafanya vibaya kuliko wanaume kwenye kipimo hicho? La. Mwaka 2007 huko Marekani walipimwa watu wazima 549 wa rika zote, macho wazi na macho yamefumbwa. Umri ulileta tofauti kubwa. Jinsia haikuleta. Mweleze shangazi hivyo, kwa adabu.

Basi kwa nini zahanati zetu zinajaa akina mama wazee waliovunjika mikono na nyonga? Kwa sababu kusimama imara ni jambo moja, na kuwa na nguvu za kujinusuru na mifupa ya kupokea kishindo ni jambo lingine. Hapo ndipo jinsia inapoingia.

Chukulia nguvu za miguu kama akiba ya benki. Kwa wastani mwanamke anaanza utu uzima akiwa na kama theluthi mbili za nguvu za miguu alizonazo mwanamume. Wote wawili wanatoa fedha kwa kasi inayokaribiana, ila bei ya kuinuka kitini, kupanda ngazi au kunyanyuka mkekani ni ileile. Aliyeanza na kidogo anaufikia mstari wa chini miaka kadhaa mapema. Kwa hiyo mama wa miaka 67 na baba wa miaka 72 wanaweza kabisa kuonekana kana kwamba mama ndiye mkubwa, bila ugonjwa wowote wa ajabu.

La pili ni mifupa. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni inashuka, na katika miaka mitano hadi saba inayofuata mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uimara wa mifupa yake. Mwanamume naye anapoteza, lakini taratibu, na alianza na mifupa minene zaidi. Anguko la kimo cha kusimama tu, kwenye sakafu ya nyumbani, halitakiwi kuvunja mfupa wa mtu mzima. Likivunja, daktari anatakiwa auchunguze mfupa wenyewe pamoja na lile anguko. Wanawake wa miaka ya hamsini na sitini huvunjika zaidi kifundo cha mkono kwa sababu bado wana wepesi wa kutanguliza mkono. Wakishafika themanini mkono hauwahi tena, wanaangukia ubavu, na nyonga ndiyo inayolipa. Nakueleza hivi ili mjue mkono wa mama ni taarifa. Mwombeni daktari azungumzie mifupa yake: chakula, vitamini D, na kama anahitaji dawa ya kuimarisha mifupa. Mashine ya kupima msongamano wa mifupa haipatikani kila wilaya, lakini daktari anaweza kuamua mengi kwa kuangalia historia yake tu.

La tatu ni hofu, na hili nalichukulia kwa uzito kuliko wenzangu wengi. Wanawake wazee hutaja hofu ya kuanguka mara nyingi zaidi ya wanaume, hata ambao hawajawahi kuanguka. Hofu inamfanya mtu akaze mwili, apige hatua fupi, aangalie miguu badala ya njia, na apunguze safari. Miezi mitatu ya kupunguza safari inakula misuli kuliko mwaka mzima wa uzee. Unaposema mama hatembei bila kushika ukuta, nauliza: je, hawezi, au haamini kwamba anaweza? Jaribu kumshikisha kidole chako kimoja tu, bila kumbeba uzito, kisha atembee. Akitembea sawasawa kwa kidole kimoja, basi sehemu kubwa ya ukuta ule ni hofu.

Na kuzaa je? Kuzaa watoto saba hakulegezi miguu. Ila shangazi ana chembe ya ukweli ambayo huenda haikusudii. Uzazi mwingi unaweza kulegeza misuli ya sakafu ya nyonga, na wanawake wengi wa umri huo wanabanwa haja ndogo ghafla, hasa usiku. Mtu anaamka gizani, anakimbilia msalani kabla usingizi haujamtoka, kanga imelegea, sakafu ina maji. Hapo anaanguka. Mama hatakwambia mbele ya kaka yako, na pengine hatakuambia hata wewe usipomuuliza mkiwa wawili. Muulize. Tatizo hilo lina mazoezi yake na lina tiba, na likitulia maanguko ya usiku yanapungua.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza, lakini nililiona katikati ya barua yako: baba anakwenda shambani. Mama anakwenda wapi?

Wanawake wa kwetu wamekuwa na balansi ambayo wanasayansi waliisafiria. Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake wa Kiluo, wanaobeba mzigo kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Waliwapima pumzi wakitembea na mizigo, wakakuta kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama ya nguvu hata kidogo. Baadaye ikaelezwa kwamba mwendo wao unabembea kwa ustadi, nguvu ya hatua moja inarithiwa na hatua inayofuata. Tafiti za baadaye, zikiwemo za Afrika Kusini, hazikukuta faida hiyo kwa kila mwanamke, na shingo zinaumia, kwa hiyo sisemi tuwarudishe mama zetu kwenye ndoo. Ninachosema ni kwamba mwanamke aliyezoea ngata na ndoo tangu utotoni hakuzaliwa na miguu iliyolegea.

Jambo la pili ni kuchuchumaa. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa Wahadzabe wa hapa kwetu, karibu na Ziwa Eyasi. Walikutwa wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, muda usiopishana sana na watu wa mijini wanaokaa maofisini. Tofauti ni namna wanavyopumzika: wanachuchumaa na kupiga magoti, na vifaa vilivyowekwa kwenye misuli ya miguu vilionyesha kwamba misuli haikulala hata wakiwa wamepumzika.

Sasa fikiria bibi wa Muheza wa miaka ishirini iliyopita. Alikula mkekani, akaswali au akapiga magoti kanisani, akafagia kwa kuinama, akapikia kigoda, akaenda choo cha kuchuchumaa. Kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshuka chini na kuinuka mara nyingi kuliko mazoezi yote nitakayomwandikia mtu. Watoto wakapata kazi. Wakanunua makochi, wakaweka choo cha kukaa, wakaleta dada wa kazi. "Mama, umechoka, pumzika." Kwa mapenzi mema kabisa. Choo cha kukaa ni baraka kwa mwenye magoti mabovu, sikikatai. Lakini mara nyingi anayepumzishwa ni mama, na baba anaachiwa shamba lake kwa kuwa hakuna anayethubutu kumkataza. Ukinitaka nitaje sababu moja ya tofauti unayoiona kati ya wazazi wako, nitaitaja hii kabla ya homoni.

Hayo hayaondoi uwezekano wa ugonjwa, kwa hiyo tuufuate kwa mpangilio. Mpelekeni hospitali na mfuko wenye dawa zote anazokunywa, pamoja na zile alizopewa na jirani. Ombeni apimwe presha akiwa amelala dakika tano, kisha akiwa amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, mmepata sehemu ya jibu: damu haiwahi kichwani anapoinuka. Mara nyingi ni dawa za presha, hasa za kukojosha, au hanywi maji ya kutosha. Msizikate wenyewe, daktari ndiye anayezipanga upya. Apimwe sukari, na mtu amguse nyayo akiwa amefumba macho. Kisukari cha muda mrefu kinafisha neva za nyayo, na mtu asiyezihisi nyayo zake anasimama kwa msaada wa macho tu, umeme ukikatika anaanguka. Macho nayo yaangaliwe kama kuna mtoto wa jicho. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2005 kwa wanawake waliopita miaka 70 ulionyesha kwamba upasuaji wa jicho la kwanza ulipunguza maanguko kwa asilimia 34. Sijui dawa ya maji inayofanya hivyo.

Muulize pia kama anazungukwa na dunia kwa sekunde chache anapojigeuza kitandani au anapoangalia juu kuanua nguo kambani. Hiyo ni dalili ya vijiwe vya sikio la ndani kuhama mahali pake, jambo linalowapata wanawake zaidi kuliko wanaume, hasa baada ya miaka 50. Linatibiwa kwa kugeuzwa kichwa kwa hatua maalumu, kazi ya dakika chache kwa anayeijua. Wengi badala yake wananunua famasi sinarizini, dawa ya kizunguzungu, na kuimeza miezi na miezi. Dawa hiyo inaleta usingizi, na ikitumiwa muda mrefu kwa mzee inaweza kumletea kukakamaa na kutetemeka kama mwenye ugonjwa wa Parkinson. Kama iko kwenye ule mfuko, mwonyesheni daktari hiyo kwanza.

Nyumbani mnaweza kupima wenyewe kabla ya kwenda. Chukueni kiti imara kisicho na mikono, mkiegemeze ukutani kisiteleze. Kile cha plastiki kinachopinda hakifai. Mama akae katikati ya kiti, nyayo zote chini, mikono ameikunja kifuani, kila kiganja kwenye bega la upande wa pili. Wewe shika simu yenye saa. Sema "anza", naye ainuke hadi asimame wima kabisa, akae tena, arudie kwa sekunde 30. Hesabu alivyosimama wima tu. Akijisukuma kwa mikono, hata mara moja, andika sifuri, bila kumhurumia. Mwanamke wa miaka 65 hadi 69 akipata chini ya 11, miguu imedhoofu kuliko inavyotakiwa kwa umri wake. Kwa mwanamume wa miaka 70 hadi 74, kama baba, mpaka ni 12. Unaona jinsi jinsia ilivyowekwa kwenye vipimo vyenyewe: tofauti ni ndogo, na inahusu nguvu.

Mwangalie pia anavyoinuka. Anayerusha kichwa mbele mara mbili tatu kabla ya makalio kunyanyuka, mapaja yake yamechoka. Anayeinuka vizuri lakini akifika juu anarudi nyuma kama anayesukumwa, shida yake zaidi ni balansi. Wa namna hizi mbili hawapewi mazoezi yaleyale.

Kipimo kingine: akae kitini, ainuke, atembee mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi, akae. Ikichukua sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Wewe tembea pembeni yake muda wote.

Kuhusu mazoezi, nitakupa machache ambayo nayaamini. La kwanza ni lile la kiti lenyewe: ainuke na kukaa mara 8 hadi 10, apumzike, arudie mara mbili. Kama hawezi bila mikono, ongezeni mto kwenye kiti ili kiwe juu zaidi, na kila baada ya wiki kadhaa mpunguze unene wa mto. Kushuka kuwe taratibu kuliko kupanda, maana misuli inajengeka zaidi wakati wa kushuka na wazee wengi wanajitupa tu kitini. La pili ni kusimama mbele ya karo au meza nzito, mkono mzima umeshika, na kunyanyuka kwa ncha za vidole, kisha kwa visigino. La tatu ni kusimama kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu wa pili, akilenga sekunde 10 bila kushika. Asipofika 10, hapo ndipo pa kufanyia kazi. Akifika kwa urahisi, aende kwenye mguu mmoja. Zoezi la balansi lazima limtikise kidogo. Lisipomtikisa halimfundishi kitu, na ndiyo sababu mtu mwingine lazima awepo karibu.

Mara tatu kwa wiki ndiyo kiwango cha chini, na mpeni miezi mitatu kabla ya kuhukumu. Tafiti zilizojumlishwa mwaka 2019 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa tiba, zilionyesha kwamba mazoezi yanapunguza maanguko ya wazee kwa asilimia 23, na yakichanganya balansi na nguvu yanafika kama asilimia 34. Kutembea peke yake hakukuonyesha faida iliyo wazi. Watu wanashangaa nikisema hivyo, kwa sababu ushauri wa kila mahali ni "mama awe anatembeatembea". Atembee, ni vizuri kwa moyo na kwa sukari. Ila kutembea hakumfundishi kujinusuru.

Kwenye kaya yenu, rudisheni kazi kidogo kidogo. Apete mchele, apange vyombo vya kabati la chini, afuate mwenyewe chumvi dukani. Usiku wekeni taa ndogo kutoka kitandani hadi msalani, hata ya sola. Kandambili zilizolika ziende jalalani, apate ndala zenye mkanda wa nyuma. Kanga aifunge juu ya kifundo cha mguu. Fimbo ya kaka iwe na mpira chini, na urefu wake ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono mama akisimama amenyoosha mkono chini. Aishike upande ulio kinyume na mguu dhaifu, lakini kama mkono uliovunjika bado unauma asiulazimishe kubeba uzito. Kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenu ni Bombo, ulizieni idara ya fiziotherapia wawafuatilie, na mkono wenyewe nao unahitaji mazoezi yake.

Kuna hali ambazo hazisubiri mazoezi. Akianguka na kuzimia, uso ukipinda, mkono au mguu wa upande mmoja ukiishiwa nguvu, maneno yakimkwama, au akijigonga kichwa na baadaye akaanza kusinzia ovyo au kutapika, ni hospitali siku hiyohiyo, usiku ukiwa usiku. Hali kadhalika akianguka na mguu mmoja ukaonekana mfupi na umegeukia nje: msimsimamishe.

Nimalizie na baba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 wanakufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama zetu. Wanawake wanaanguka na kuumia zaidi, lakini katika nchi nyingi wanaume ndio wanaokufa zaidi kwa maanguko. Sehemu ya sababu ni mahali wanapoangukia: juu ya paa, juu ya ngazi, juu ya mti. Mzee wa Muheza na michungwa yake unamjua mwenyewe. Sababu nyingine ni kwamba mwanamume akivunjika nyonga, uwezekano wa kufariki ndani ya mwaka unaofuata ni mkubwa kuliko wa mwanamke wa rika lake, na wanaume wengi huletwa hospitali wamechelewa. Baiskeli inampa moyo mzuri na mapaja, lakini uzito wake umekaa kwenye kiti. Mifupa ya nyonga haipati kishindo inachokihitaji, na mwili haupati zoezi la kujinusuru kwa miguu.

Kwa hiyo siku mtakayompima mama, baba awepo. Usimwambie anapimwa, atakataa. Mwambie mama amepata ngapi, kisha mwachie kiti. Akishindwa kufika 12, au akishindwa kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10, mazoezi ya mama yawe ya wote wawili, na machungwa ya juu yachumwe na wajukuu.